Maneno Mia Moja Kuhusu Mninga

Ujumbe uliingia Jumatatu saa nne na robo asubuhi, katikati ya kipindi cha sayansi cha darasa la sita. Mwalimu mwingine angeusoma baadaye. Mimi niliitoa simu mfukoni hapo hapo, mbele ya watoto sabini na wawili. Mfuko wa Miti ya Shule ulikuwa unatuarifu kwamba mkaguzi wao angefika shuleni kwetu Alhamisi saa tatu, kuhesabu miche iliyo hai.

Niliwaambia watoto wachore mzizi, shina na jani, nikatoka nje karibu nikikimbia.

Mimi si mtu wa kukaa. Chai nainywa nimesimama, daftari nasahihisha nikitembea, na kule Ipuli ninakoishi majirani wanajua nimeamka kwa sababu malapa yangu yanaanza kwenda na kurudi uani. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa njiani ndiyo maana. Si kweli, nilizaliwa zahanati ya Usoke, ila naelewa alichotaka kusema.

Shamba letu la miti liko nyuma ya madarasa, upande unaotazama Kwihara. Mashimo mia mbili, safu kwa safu, kila shimo na kibao chake cha bati chenye namba. Watu wa Mfuko walivipiga picha vibao vyote siku ya kupanda, kwa hiyo huwezi kudanganya kwamba mche wa namba arobaini umehamia namba tisini. Mashimo mia moja na arobaini yalikuwa ya mninga. Sitini yalikuwa ya mitundu na mikuyu, na katika hayo sitini, arobaini na moja yalikuwa na kitu cha kijani.

Mininga yote ilikuwa vijiti. Iliangusha majani mwezi wa sita, nikajipa moyo. Mwezi wa nane vijiti vikawa vya kijivu. Sasa ilikuwa Oktoba, ukikivunja kijiti kinalia kama njiti ya kiberiti, na ndani hakuna hata dalili ya unyevu. Nilitembea safu zote kumi na nne za mninga nikivunja kimoja hapa, kimoja pale, nikitafuta hata kimoja cha kunidanganya. Sikukipata.

Masharti niliyajua kwa moyo. Siku ya ukaguzi, asilimia sabini ya miche iwe hai, yaani miche mia moja na arobaini. Ikifika, tunapata awamu ya pili: kisima kirefu chenye pampu ya mkono, katikati ya uwanja wa shule. Isipofika, hatupati kitu.

Na kisima nilikuwa nimekwisha kukiahidi. Shuleni kwetu kila mtoto anakuja na kidumu cha maji asubuhi. Kwa Oktoba, maji hayo yanatoka mbugani, kilomita mbili, na yana rangi ya chai ya maziwa. Watoto wadogo wanafika darasani mgongo umelowa, wamechoka kabla hawajaandika tarehe. Mwezi wa kwanza nilisimama mstarini, nikanyanyua kidumu kimoja juu na kusema: "Mwaka ujao hivi mtavitumia kupandia maua nyumbani." Walishangilia mpaka Mwalimu Mkuu akatoka ofisini. Sina watoto wangu mwenyewe, na sijui kama ningewapenda zaidi ya nilivyowapenda hao siku ile.

Nieleze tulivyoipata ruzuku, maana kosa lilianzia huko.

Maombi ya kwanza tulikataliwa. Mfuko ulitaka miti ya asili, na mimi niliandika miembe, kwa kuwa barabara yote ya zamani ya misafara kutoka Kwihara kuingia mjini ina miembe mikubwa ambayo hakuna anayejua nani aliipanda. Jibu likaja kwa ustaarabu: mwembe si mti wa asili, uliletwa. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Shaban, mtu wa mjini tangu mababu, aliisoma ile barua mara mbili kisha akavua miwani.

"Mwalimu Agnetha," aliniambia, "bibi yake bibi yangu alifika Tabora na misafara, akaikuta miembe inazaa. Kama mwembe ni mgeni, na mimi nifungashe?"

Tulicheka, lakini ilimkaa rohoni. Wiki nzima alikuwa akipita chini ya ule mwembe wa getini akiutazama kama mtu anayemwonea ndugu yake huruma.

Aliyetuokoa ni Mama Koleta, mpishi wetu wa uji. Marehemu mumewe alikuwa mrina asali, na miaka mingi walizunguka pamoja kwenye pori la miyombo, yeye akibeba ndoo na mume mizinga ya magome. Aliposikia tunatafuta miti ya asili alisema tu, "Si mninga?" Wiki iliyofuata alileta gunia la matunda yake, yale ya bapa, duara, yenye miiba katikati, akakaa kuyapasua kwa kisu moja moja kutoa mbegu. Vidole vyake vilitoboka vibaya. 

Fomu ilikuwa ya mtandaoni, niliijaza kwa simu jikoni kwake huku uji ukichemka. Kulikuwa na kisanduku kimoja: *Eleza tabia ya mti uliouchagua. Maneno yasizidi mia moja.* Ukifika la mia moja na moja, simu inakataa.

"Mninga ni mti wa jeuri," Mama Koleta alianza. "Mbegu yake imejifunga. Moto wa pori ukipita juu yake ndiyo inafunguka. Udongo wa kichanga ndio wake. Halafu ukishaota, usije ukadhani..."

"Subiri, mama. Moto nimeandika. Kichanga nimeandika. Nafasi inakwisha."

"Bado sijafika kwenye lenyewe."

"Yamebaki maneno manne."

Alinitazama, mwiko ukidondosha uji. "Basi andika, 'mbao zake ni nzuri,'" alisema, akacheka, akarudi kwenye sufuria lake.

Niliandika hivyo hivyo. Nikabonyeza kutuma nikiwa nimekwisha kufika mlangoni.

Sasa ile Jumatatu ya Oktoba, Mama Koleta hakuwepo. Alikuwa Sikonge ndani huko akimuuguza dada yake, mahali ambapo simu inashika ukipanda kichuguu. Nilimpigia mara tisa. Nilipoona haipatikani, akili yangu ilikwisha kuruka mbele kama kawaida yake. Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Shaban.

"Ninahitaji miche mia moja ya kijani," nilimwambia, bado nimesimama. "Nasri wa bustani ya miche mjini anayo mikongo. Mkongo ni wa asili. Arobaini na moja na mia moja ni mia moja arobaini na moja. Tunapita kwa mche mmoja."

"Na mininga?"

"Imekufa, Mwalimu."

"Mkaguzi ataambiwa mikongo hiyo ilipandwa lini?"

Alizungusha kalamu mezani. Alikuwa anastaafu Desemba, na mimi nilijua anachokiona akifumba macho: pampu, na watoto wamepanga foleni. Miaka kumi na moja alikuwa ameandika barua za kisima kwa kila ofisi yenye mlango.

"Tumngoje Mama Koleta," alisema mwishowe. "Yeye ndiye aliyeileta hii miti."

"Alhamisi imebaki siku tatu tu, Mwalimu. Tutamngoja mpaka lini?"

"Haya," alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Lakini mimi sitadanganya nikiulizwa."

Jumatano saa moja asubuhi wazazi ishirini na wawili walikuwa shambani na majembe na sururu, wakiongozwa na Emilian, mwenyekiti wa kamati ya shule. Wote ni wakulima wa tumbaku, watu wasiojua kufanya kazi nusu. Tulisalimiana, mwangaluka huku na huku, shikamoo kwa wale wazee wawili, kisha nikawaonyesha safu za mninga. Mashimo yalikuwa lazima yatumike yale yale kwa sababu ya vibao.

"Hivi vijiti vyote vitoke," niliwaambia. "Shimo libaki safi, tayari kwa mche mpya."

"Tung'oe vipi, Mwalimu?" Emilian aliuliza. "Juu juu, au?"

Nilikuwa natazama saa. Kirikuu cha kubebea miche kilikuwa kinaningoja mjini. "Kama mnavyong'oa tumbaku," nilijibu.

Sikuhitaji kueleza zaidi. Mimi mwenyewe ni mtoto wa tumbaku. Baba yangu, Wenceslaus, alilima tumbaku Usoke miaka thelathini, na miyombo aliyoikata kuchomea bani lake la kukaushia majani ndiyo iliyonilipia chuo cha ualimu. Kwetu, ukishavuna jani la mwisho, shina haliachwi shambani. Unaling'oa na mzizi wake wote, unakusanya, unachoma, na bwana shamba anapita kukagua. Shamba lenye mashina yaliyosimama ni aibu ya mwenye shamba. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu nikiwa na miaka sita.

Nikapanda bodaboda.

Kwa Nasri nilikuta mambo hayajawa tayari. Ilibidi miche ichaguliwe, ihesabiwe, ipakiwe, dereva naye alikwenda kunywa supu. Nilizunguka kile kirikuu pengine mara hamsini. Miche ilikuwa mizuri, inang'aa, urefu wa magoti. Nilianza hata kuipenda. Njia nzima ya kurudi nilikaa nyuma nayo, nimekumbatia mifuko isianguke, nikipanga maneno ya kumwambia mkaguzi, na kila sentensi niliyoipanga ilikuwa ya kweli nusu.

Saa tano hivi, tukiwa tumepita miembe ya mwisho, niliona moshi juu ya shule.

Nilijua ni nini, wala sikushtuka. Kilichonishtua ni harufu. Shina la tumbaku likiungua lina ukali wake, nalijua hata usingizini. Hiki kilikuwa kitu kingine, kibichi, kikichemka badala ya kuwaka. Niliruka kabla gari halijasimama.

Mashimo yalikuwa wazi, safu baada ya safu, safi kabisa. Pembeni kulikuwa na lundo, upande mmoja ukifuka moshi. Nilidhani nitaona vijiti. Niliona mizizi. Ilikuwa minene kama muhogo, mingine mirefu kupita mkono wangu, mizito, gome lake limejaa. Nikauokota mmoja uliokuwa umekatwa na sururu. Kwenye jeraha ulikuwa unatoka utomvu mwekundu, mwekundu wa damu, ukanishika viganja vyote viwili.

Emilian alikuja akipangusa jasho, amefurahi. "Kazi imekwisha, Mwalimu, bado safu tatu tu za mwisho. Lakini hii mizizi ina nguvu! Tumeifuata chini mpaka ncha."

"Hamkuona kuwa ni mibichi?"

"Tuliona."

"Mkaona ni mibichi, mkaendelea?"

"Ndiyo maana tukachimba zaidi." Alinieleza taratibu, kama anayemkumbusha mtu jambo analolijua. "Shina limekauka, mzizi mzima: huo ndio mbaya. Ukiuacha unachipua, unaleta ugonjwa kwa zao la mwakani. Bwana shamba akikuta mzizi mbichi umeuacha ardhini, anakuandika. Si ulisema kama tumbaku?"

Nilisema. Mimi ndiye niliyesema. Hakuna mtu mwingine duniani wa kumgombeza, na nilimtafuta kweli kweli, hata yule dereva aliyekwenda kunywa supu.

Nilikuwa bado nimeushika ule mzizi pale Mama Koleta alipotokea getini. Alikuwa ameshuka basi la Sikonge, begi kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitazama moshi, akatazama mashimo. Aliweka begi chini, akachukua jembe la mtu, akaenda kwenye lundo na kuanza kuivuta mizizi kutoka motoni, mmoja mmoja, akiitenga kwenye nyasi. Wazazi walisimama wakimtazama. Emilian alivua kofia.

"Mama Koleta," nilimwita. "Vijiti vilikuwa vimekufa."

"Vijiti, ndiyo." Hakugeuka. "Kila kiangazi vinakufa. Mninga mdogo hivyo ndivyo unavyoishi. Juu unakufa, chini unanenepa. Mvua ikija unatoa kijiti kingine, kiangazi kinakufa tena. Miaka mitano, sita, wakati mwingine kumi. Siku mzizi ukitosha, unanyanyuka mara moja na hauanguki tena. Ndicho nilichokuwa nakwambia siku ile jikoni."

"Hukumaliza."

"Ulisema nafasi imekwisha."

Nilitamani anitukane. Nilitamani apige kelele tugombane, nipate pa kusimama. Yeye aliendelea kuhesabu mizizi kwenye nyasi: sitini na mitatu iliyokuwa haijaungua. Iliyobaki katika ile mia moja na kumi na miwili iliyong'olewa ilikuwa imekwisha. Kisha akauchukua wa kwanza, akaenda nao kwenye shimo namba moja na kuusimamisha humo, kichwa juu, akaanza kurudishia udongo kwa mikono.

"Pengine itashika," alisema. "Pengine haitashika. Lakini si kitu cha kuchoma."

Emilian akaja kwangu, sauti ameishusha. "Mwalimu, na ile ya kwenye gari? Shimo ni moja. Tupande ipi?"

Mwalimu Shaban alikuwa amefika naye, amesimama na mikono nyuma. Aliniachia. Wote waliniachia. Nilipiga hesabu kwa mara ya mia: mikongo mia moja kwenye mashimo haya, tunapita kesho. Mizizi kwenye mashimo haya, mkaguzi atakuta udongo mtupu, na kisima kwaheri. Kutoka madarasani niliwasikia watoto wakiimba jedwali la saba.

"Mikongo," nilisema. "Pandeni mikongo."

Hakuna aliyesogea. Kwa hasira nikachukua mche mmoja mwenyewe, nikaenda mpaka shimo namba hamsini na saba, nikachana mfuko, nikainama. Chini ya shimo ncha ya mzizi ilikuwa imekatikia ardhini, nusu yake bado imo, na ule wekundu ulikuwa unajikusanya polepole kwenye udongo. Ulikuwa bado unafanya kazi yake. Nilipiga magoti pale na mche wangu mkononi na sikuweza. Sisemi kwamba nilikuwa mwema. Ningependa kusema hivyo. Mkono tu haukwenda.

Niliurudisha mche kwenye gari nikamwomba Mama Koleta mzizi. Tulipanda sitini na mitatu mpaka adhuhuri ikapita, mimi na yeye, na Emilian na wenzake, ambao walishindilia udongo kwa uangalifu wa watu waliokosea bila kosa lao. Safu tatu za mwisho, ambako walikuwa wameng'oa viwili tu, tuliziacha na vijiti vyake. Vilikuwa ishirini na vinane.

Nilinawa mikono kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa majivu. Rangi nyekundu haikutoka.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa tatu kamili. Jina lake lilikuwa Anifa, msichana mwembamba wa Dodoma, buti zake zimechakaa kwa kazi, tableti imevikwa mfuko wa nailoni kuzuia vumbi. Alipomwamkia Mwalimu Shaban shikamoo, alitumia mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ikanishinda.

"Mikono yako, dada," aliniambia tuliposalimiana. "Umeumia?"

"Ni mninga," nilisema, na kwa kuwa nilishaanza, nikamwambia yote. Vijiti, tumbaku, moto, mikongo iliyokuwa imepangwa kivulini nyuma ya ofisi na nilichokusudia kumwambia kuihusu. Nilizungumza haraka mpaka akanyanyua kiganja nipumzike. Mwalimu Shaban alikuwa anatazama mwembe wake wa getini.

Anifa alikwenda shambani akaanza namba moja, akabonyeza tableti, namba mbili, akabonyeza. Mimi nilimfuata nyuma, nikimpita, nikirudi. Alipofika safu tatu za mwisho alichuchumaa. Alifukua udongo kidogo kwa kidole kando ya kijiti kilichokauka, akalikwaruza gome la mzizi kwa kucha, akatazama, akafukia. Kisha akabonyeza. Alifanya hivyo kwa vyote ishirini na vinane. Ilichukua karibu saa nzima.

"Hii yote ni hai," alisema akinyanyuka.

"Lakini imekauka juu."

"Mninga hauhesabiwi kwa juu. Mwongozo wetu unasema ukaguliwe mzizi." Aliinua uso. "Kiambatisho cha tatu. Tuliwatumia pamoja na barua ya kukubaliwa."

Ile barua ilikuwa na kurasa arobaini na kitu. Neno *mmekubaliwa* lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Nilisoma huo na wa pili, wenye masharti, nikakimbia mstarini kushika kidumu juu.

"Ishirini na nane," Anifa alisoma, "na arobaini na moja. Sitini na tisa kati ya mia mbili. Ile mliyoirudishia imekatwa, siwezi kuihesabu." Nilimwona akiwaza kama aseme au asiseme. "Mngeiacha tu. Mia moja na themanini na moja. Mngepita bila wasiwasi."

Miguu yangu, ambayo maisha yote haijapata kutulia, ilitulia. Nilisimama pale katikati ya safu na sikuwa na pa kwenda.

Aliondoka saa sita. Alikataa chakula, akakubali embe bichi na chumvi kutoka kwa Mwalimu Shaban, aliyemchagulia mwenyewe. Alisema dirisha la maombi mapya litafunguliwa mwezi wa kumi na moja, na kwamba ataandika kwenye taarifa yake kila kitu nilichomwambia, kizuri na kibaya. Mikongo tuliirudisha kwa Nasri.

Ijumaa mstarini niliwaambia watoto. Nilisema nilikosea kwa sababu sikusikiliza na sikusoma, na kisima hakitakuja mwaka huu. Msichana mmoja wa darasa la nne, Levina, alinyoosha mkono. Nilidhani ataniuliza kwa nini.

"Mwalimu, kwa hiyo Jumatatu tuje na vidumu?"

"Ndiyo," nilisema. "Mje na vidumu."

"Sawa, Mwalimu."

Hakuna kilichoniumiza zaidi ya ile sawa.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe tisa Novemba, mchana, nikiwa nafundisha. Sikutoka. Nilimaliza kipindi, nikasahihisha madaftari, nimekaa. Asubuhi ya nne ndipo nilipokwenda. Vijiti vyote ishirini na vinane vilikuwa vimeanguka, na pembeni ya kila kimoja kulikuwa na chipukizi dogo la rangi ya shaba lenye manyoya. Katika mizizi sitini na mitatu tuliyoirudishia, kumi na mmoja ilikuwa imechipua. Namba hamsini na saba, ambako hatukupanda kitu, ilikuwa imechipua yenyewe kutoka kwenye ile nusu iliyobaki chini. Niliichungulia muda mrefu.

Siku hiyo nilibeba daftari la kurasa mia na kiti, nikaenda jikoni. Fomu ya simu ingengoja. Mama Koleta alinitazama nikiweka kiti chini na kukikalia, akanyanyua nyusi.

"Tabia ya mninga," nilimwambia. "Anza mwanzo."

Alikoroga uji kidogo kabla hajaanza. Akasema moto, akasema kichanga, na kiangazi cha kwanza, na cha pili. Akasema jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akipita pembeni ya vijiti vikavu porini na kumwambia usikanyage, huyu yupo. Akasema ndege, akasema nyuki, akasema mwaka gani mti unaamua kusimama na kwamba hakuna anayeujua mwaka huo ila mti wenyewe. Niliandika yote. Mara moja moja alinyamaza akinitazama, akingoja nimkatishe kama zamani.

"Ukurasa umejaa," alisema, akionyesha kwa mwiko. "Ninyamaze?"

"Hapana, mama, endelea," nilimjibu, nikageuza upande wa pili.